Southend: Reli Iliyoyafuata Maji Yaliyokupwa

Siku ya kwanza nilipokwenda Southend-on-Sea sikuyakuta maji. Nilikuwa nimepanda treni asubuhi katika stesheni ya Fenchurch Street jijini London, na baada ya mwendo wa karibu saa moja nikateremka Southend Central, nikashuka na barabara ya maduka hadi ukingoni mwa mwinuko ambako nilitarajia kuiona bahari. Badala yake niliona uwanda wa matope ya kijivu, uliotandaa hadi macho yalipochoka, ukikatwakatwa na vijito vyembamba vilivyomeremeta juani. Mashua zilikuwa zimepwelewa na kulala ubavu, na ndege wa pwani walikuwa wakichokoa chakula palepale ambapo, saa chache baadaye, samaki wangekuwa wakiogelea. Katikati ya uwanda huo lilipita gati, nguzo baada ya nguzo, likaenda, likaenda, mpaka mwisho wake ukawa kidoa tu kwenye mstari wa maji.

Nimerudi mara nyingi tangu siku hiyo, na kila ninaporudi huzidi kuamini kwamba karibu kila kitu cha kale chenye thamani katika mlango huu wa mto Thames kilitengenezwa na watu waliokuwa wakijaribu kupatana na maji yanayokupwa. Watu hulitaja gati la Southend kuwa mahali pa starehe, na starehe kweli zipo, lakini mimi hulitazama kwanza kama njia ya usafiri, iliyojengwa kwa sababu ya usafiri na kurefushwa mara kadhaa kwa sababu hiyohiyo.

Southend ipo upande wa kaskazini wa mlango wa mto, katika jimbo la Essex, na ng'ambo yake ni Kent. Jina lenyewe halina makuu: palikuwa tu ncha ya kusini ya kijiji cha Prittlewell. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 5, na kwa kuwa sakafu ya bahari hapo ina mteremko mdogo mno, tofauti hiyo ya kina huyapeleka maji safari ndefu, yakarudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu na kuiacha pwani nzima kavu. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli iliyotaka kushusha abiria hapa ilikuwa na muda mfupi tu wa kufanya hivyo kabla haijakwama. Wakati huohuo mji wa Margate, kwenye pwani ya Kent, ulikuwa ukipokea wakazi wa London waliofika kwa meli za mvuke, na wenye mali wa Southend walizitazama fedha hizo zikiwapita kwa mbali.

Aliyeongoza harakati za kupata gati alikuwa Sir William Heygate, aliyewahi kuwa Meya wa London. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1829, na mwaka uliofuata sehemu ya kwanza ya gati la mbao ikafunguliwa ikiwa na urefu wa mita 180. Mita 180, katika pwani ambayo maji yake hukimbia zaidi ya kilomita moja na nusu! Maji yalipokupwa, gati lile la kwanza lilikuwa daraja lililosimama juu ya matope bila kufika popote. Likarefushwa mwaka 1833, kisha likarefushwa tena, na ilipofika katikati ya miaka ya 1840 lilikuwa limezidi kilomita 2. Hapo ndipo meli ziliweza kutia nanga na kushusha watu saa yoyote, maji yawe yamejaa au yamekupwa.

Urefu huo ndio uliozaa reli. Abiria aliyeshuka melini akiwa na masanduku na watoto hakuweza kutembezwa kilomita 2 katika upepo wa mlango wa mto, kwa hiyo zililazwa njia za kupitishia mabehewa, na kwa miaka kadhaa yalikokotwa na farasi. Gati la mbao lilipochakaa, mhandisi James Brunlees alisanifu jipya la chuma, lililofunguliwa mwaka 1889, na mwaka 1890 treni ya umeme ikaanza kutembea juu yake, iliyowekwa na kampuni ya Crompton. Jambo hili hunisisimua kila ninapolifikiria: wakati nyumba nyingi za Uingereza bado zilikuwa zikiangazwa kwa gesi na mishumaa, hapa palikuwa na treni ya umeme inayokwenda baharini na kurudi. Gati liliongezwa tena mwaka 1929, na kwa mita zake 2,158 hadi leo ndilo gati la starehe refu kuliko yote duniani.

Mimi hupenda kwenda kwa miguu na kurudi kwa treni. Kwenda huchukua kama nusu saa ukitembea bila kusimama, ingawa kutosimama ni kazi ngumu. Mbao za sakafu zimeachiwa nafasi kati yake, na ukiinamisha macho unaona, mwanzoni, mchanga wenye kokoto na makombe yaliyovunjika. Baada ya hatua mia kadhaa, matope laini yenye alama za miguu ya ndege. Kisha maji membamba yanayochezacheza. Na mwisho kabisa, maji ya kijani yaliyokoza, yanayopita kwa kasi na kujikunjakunja nyuma ya kila nguzo. Nguzo zenyewe zina kumbukumbu ya maji. Chini zimevaa mwani na wadudu wa gamba waliong'ang'ania chuma, juu yake kuna ukanda wa kutu nyekundu, na juu zaidi kuna rangi iliyopakwa na mafundi. Anayejua kuzisoma anaweza kukwambia maji yalifika wapi bila kuangalia ratiba yoyote. Treni inapopita kando yako, mbao hutetemeka chini ya nyayo kabla hujaisikia.

Treni hizo zimebadilika vizazi kadhaa. Mwaka 1949 ziliingia treni za rangi ya kijani na maziwa, zilizofanana na treni za chini ya ardhi za London, nazo ndizo ambazo wazee wa mji bado huzisimulia kwa mapenzi. Zilisimamishwa mwaka 1978, reli ikiwa imechakaa mno. Mwaka 1986 reli ikafunguliwa upya, geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli, ikiwa imepunguzwa kutoka futi 3 na nusu hadi futi 3, na Princess Anne akaja kuizindua. Treni mbili za dizeli zikapewa majina, moja la Sir William Heygate na nyingine la mshairi Sir John Betjeman, aliyelipenda na kulitetea gati. Sasa zipo treni za betri. Moja ina jina la Sir David Amess, mbunge aliyepigania kwa miaka mingi Southend iwe jiji, akauawa Oktoba 2021 alipokuwa akikutana na wananchi wake huko Leigh-on-Sea. Hadhi ya jiji ilitolewa baada ya kifo chake, na Charles, akiwa bado mwana mfalme, alikuja kuikabidhi tarehe 1 Machi 2022. Sijawahi kupanda treni hiyo bila kulisoma jina lile ubavuni mwake.

Ni ajabu kwamba lipo gati la kutembelea. Mwaka 1959 moto uliteketeza ukumbi uliokuwa upande wa nchi kavu, na mamia ya watu waliokuwa upande wa baharini wakakatiwa njia ya kurudi, ikabidi wachukuliwe kwa mashua. Mwaka 1976 moto mwingine uliunguza kichwa cha gati, yaani ile ncha ya baharini. Mwaka 1980 ilitangazwa kuwa gati litafungwa, wakazi wakapinga kwa sauti kubwa, na fedha za kuliokoa zikapatikana. Kisha, wiki chache tu baada ya uzinduzi wa 1986, meli iliyoitwa Kingsabbey ililigonga gati, ikapita katikati yake kama kisu, ikaacha pengo na kuiharibu nyumba ya mashua ya uokoaji. Oktoba 2005 moto ukarudi tena kwenye kichwa cha gati. Mara zote walijenga upya, na mimi nawaheshimu waliojenga upya kuliko waliojenga mara ya kwanza, kwa sababu hawa wa baadaye walijua vizuri gharama za kupambana na bahari na moto kwa wakati mmoja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili gati halikuwa la watalii kabisa. Jeshi la majini lililichukua Agosti 1939 na kulipa jina la HMS Leigh, kana kwamba ni manowari, na misafara ya meli za mizigo ikawa inapangwa na kuongozwa kutoka hapo. Hadi vita vilipokwisha ilikuwa imeondoka misafara 3,367 yenye jumla ya meli 84,297. Ukisimama leo kwenye kichwa cha gati siku ya mbingu safi unaona masalio mawili ya miaka hiyo. Upande wa Thorpe Bay kuna pande kubwa la zege lililopasuka mgongo, mojawapo ya masanduku yaliyotengenezwa kwa ajili ya bandari za kubebeka za majeshi yaliyotua Normandy, Ufaransa. Lilianza kuvuja likiwa linakokotwa mwaka 1944, likaachwa kwenye fungu la mchanga. Ng'ambo, karibu na Sheerness, unaona milingoti ya meli ya Marekani SS Richard Montgomery ikitokeza majini. Meli hiyo ilikwama na kuvunjika Agosti 1944, na ndani yake bado kuna takriban tani 1,400 za baruti ambazo hakuna aliyethubutu kuziondoa. Meli haziruhusiwi kuikaribia.

Kabla ya kuliacha gati, sharti niwataje waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji baharini, ambao wamekuwa na kituo hapa tangu mwaka 1879. Mashua zao kubwa hukaa mwishoni mwa gati ili zipate maji wakati wowote, lakini kwa mtu aliyenasa kwenye matope mashua haifai kitu, kwa hiyo upande wa nchi kavu wanacho chombo kinachoelea juu ya godoro la hewa na kuteleza juu ya tope na maji vilevile. Sioni kielelezo bora zaidi cha pwani hii kuliko hicho: kituo kimoja cha uokoaji, chenye vyombo vya bahari na vyombo vya mahali ambapo si bahari wala si nchi kavu.

Mwendo wa kilomita chache kwenda magharibi unakufikisha Leigh, kijiji cha wavuvi ambacho ni cha kale kuliko Southend yenyewe. Reli ya kutoka London kupitia Tilbury, iliyofika Southend mwaka 1856, ilipitishwa katikati ya kijiji hicho na kukigawa, nyumba za wavuvi zikabaki kwenye kipande chembamba kati ya njia ya treni na hori. Mimi humwambia kila anayekuja huku akae dirisha la kulia treni inapotoka London, kwa maana kwa dakika kadhaa reli inakwenda ukingoni kabisa mwa maji. Juu ya kilima upande wa pili, kushoto, yamesimama magofu ya Hadleigh Castle, ngome ya karne ya 13 ambayo mchoraji John Constable aliionyesha katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1829. Sehemu kubwa ya kuta zake imeporomoka kwa sababu kilima chenyewe ni cha udongo unaoteleza.

Leigh huishi kwa kombe wadogo wa matopeni, ambao huvuliwa, huchemshwa na kuuzwa katika vibanda vilivyopangana kando ya hori, na magamba yao yamerundikana pwani kiasi kwamba ukitembea yanavunjika chini ya viatu kwa mlio mkavu. Mashua sita za kuvulia kombe hao zilikwenda Dunkirk, kwenye pwani ya Ufaransa, mwaka 1940 kuwachukua wanajeshi waliozingirwa na Wajerumani, kwa kuwa zilijengwa kupita kwenye maji machache na ziliweza kusogea ufukweni mahali ambapo manowari hazikuweza. Moja, Renown, iligonga bomu la majini wakati wa kurudi, na wote waliokuwamo wakafa. Nyingine, Endeavour, imefanyiwa matengenezo na inaweza kuonekana Leigh hadi leo. Nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja na kushangazwa na udogo wake.

Majahazi ya Thames yalitatua tatizo la matope kwa njia nyingine kabisa. Gati lilikimbilia maji, majahazi yaliyasubiri. Yalikuwa na sakafu bapa bila mkuku, kwa hiyo maji yalipokupwa yalikaa sawasawa juu ya tope, mizigo ikapakuliwa kwa mikokoteni, na maji yalipojaa yakaelea tena. Ili yasisukumwe kando na upepo, yalibeba mbao mbili pana ubavuni, moja kila upande, za kushushwa na kuinuliwa. Matanga yake yalipakwa mafuta na udongo mwekundu ili yasioze, yakawa na ile rangi ya hudhurungi inayotambulika kutoka mbali, na mlingoti uliweza kulazwa ili jahazi lipite chini ya madaraja ya London. Chombo cha urefu wa mita 25 kiliendeshwa na watu wawili, mara nyingi nahodha mmoja na kijana wake. Yalipeleka London nyasi kavu na majani ya ngano ya farasi wa jiji, yamerundikwa juu ya sitaha hadi mshika usukani asione mbele, na yalirudi Essex yakiwa na samadi ya farasi walewale kwa ajili ya mashamba. Machache bado yanatembea, na siku moja niliona moja likipita mbele ya gati jioni, tanga lake likiwa na rangi sawa na mawingu yaliyokuwa nyuma yake.

Vitu vingine vya mji huu nitavigusa kwa haraka, ingawa kila kimoja kinastahili safari yake. Huko Chalkwell kuna Crowstone, nguzo ya mawe ya mwaka 1837 iliyosimama kwenye matope kuonyesha mahali mamlaka ya Jiji la London juu ya mto yalipokoma. Karibu na gati kuna lifti ya mwinuko ya mwaka 1912, behewa moja linalopanda na kushuka kwenye reli; palepale, mwaka 1901, Mmarekani Jesse W. Reno alikuwa amejenga njia ya kujiendesha, babu wa ngazi za umeme za siku hizi, ambayo haikudumu kwa sababu ya kelele na kuharibika. Kuba la Kursaal, jengo la burudani, pia la 1901, bado linaonekana kutoka mbali. Tramu za mji zilitembea kuanzia mwaka 1901 hadi 1942, na mabasi ya umeme ya waya kuanzia 1925 hadi 1954. Kwenye uwanja wa ndege, katika miaka ya 1950 na 1960, watu walipakia magari yao ndani ya ndege na kuvuka nayo hadi Ufaransa. Ndege aina ya Carvair, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1961, ilitengenezewa kazi hiyo kwa kuinua chumba cha rubani juu ya mlango mkubwa wa puani.

Lakini njia ya kale kuliko hizo zote haina reli wala mbao. Inaitwa Broomway, na inaanzia Wakering Stairs, mashariki ya Southend, ikielekea kisiwa cha Foulness, ambacho jina lake katika Kiingereza cha kale lilimaanisha rasi ya ndege. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini watu waliokwenda kisiwani waende kwanza baharini, karibu mita 400 kutoka ufukweni, ndipo wageuke na kutembea sambamba na nchi kavu kwa kilomita zipatazo 10. Jibu lipo ardhini: karibu na ufukwe kuna tope laini linaloweza kummeza mtu hadi kiunoni na hori zisizovukika, ilhali huko nje kuna mchanga mgumu wa Maplin unaobeba hata mkokoteni wa farasi. Njia iliwekewa alama za vifungu vya fito vilivyochomekwa mchangani, mfano wa mafagio yaliyosimamishwa, na ndipo likatoka jina lake. Hadi barabara ya jeshi ilipojengwa mwaka 1922, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kwenda Foulness bila chombo. Barua, madaktari na mazao vilipita hapo, vyote kwa kuvizia maji kupwa.

Wengi walikufa humo. Uwanda ni tambarare kiasi kwamba maji hayaji kwa mawimbi yanayoonekana. Huingia kupitia vijito, yakamzunguka mtu kutoka nyuma, na ukungu ukishuka hakuna jengo wala mti wa kumwonyesha upande wa nchi. Katika makaburi ya Foulness wamezikwa watu waliookotwa mchangani. Leo njia bado ni haki ya umma kisheria, ila inapita katika eneo la mazoezi ya mizinga, na bendera nyekundu zikipandishwa hakuna anayeruhusiwa kuingia. Atakayekwenda na aende na mwongozaji anayeijua, siku iliyo wazi, baada ya kuuliza saa za maji.

Mimi nimefika Wakering Stairs tu. Ilikuwa Jumapili, bendera hazikuwapo, na nyayo za kundi lililotangulia asubuhi zilikuwa bado zinaonekana, zikitoka kwenye njia ya mawe na kupotelea kwenye mng'ao wa mchanga ulioloa. Nilikaa ukutani nikisubiri. Kundi lilirudi likiwa limetapakaa tope hadi magotini, wakavua viatu, wakaondoka. Baada ya muda kijito kimoja kilicho mbali kidogo kilibadilisha mwelekeo. Kilikuwa kikitiririka kwenda baharini, kikasimama, kisha kikaanza kurudi kwa utulivu, bila sauti, na kujaza nyayo zile moja baada ya nyingine.